Nimeongeza protini, mbona nguruwe hawakui?

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe huku Mbozi, nina majike 2 na wengine 14 wa rika tofauti. Mwanzo nilikuwa nachanganya pumba za mahindi kilo 60 na mashudu ya alizeti kilo 40, lakini wakawa wanatoka tumbo tu, mgongo hauchukui nyama. Nikaambiwa wana upungufu wa protini. Sasa kila kilo 100 naweka pumba 40, mashudu ya alizeti 25, soya 20 (naisaga mbichi) na dagaa 15, na wote wanakula hicho hicho. Miezi miwili imepita, wakubwa hawajabadilika, wadogo niliowaachisha kunyonya wanaharisha, na harufu ya banda imekuwa kali mpaka majirani wanalalamika. Nguruwe anahitaji protini asilimia ngapi hasa? Na ikizidi inamdhuru?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa hasara, na nakushukuru kwa kuandika vipimo kwa kilo. Wafugaji wengi huniandikia kwa debe, na debe la pumba halilingani uzito na debe la mashudu wala la dagaa, kwa hiyo hesabu hugoma mapema. Ya kwako nimeipiga yote, mchanganyiko wa zamani na huu wa sasa, na majibu yako yamo humo humo.

Nianze na asilimia, maana ndiyo uliyouliza. Hakuna asilimia moja ya nguruwe. Mtoto aliyetoka kuachishwa, mwenye kilo 8 hadi 20, anataka chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Akifika kilo 20 hadi 50, asilimia 16 hadi 18 inamtosha. Kuanzia kilo 50 mpaka siku ya kuchinjwa, 14 hadi 15 ni nzuri, na mwishoni kabisa hata 13 haimwangushi. Jike mwenye mimba anaishi vizuri kwa 12 hadi 14, na akinyonyesha anapanda hadi 16 au 18. Chakula chako cha sasa, kwa hesabu yangu, kina karibu asilimia 26. Hakuna nguruwe hata mmoja bandani kwako anayehitaji hicho.

Watu husikia asilimia zikishuka jinsi nguruwe anavyokua, wakadhani mkubwa anahitaji protini kidogo kuliko mdogo. Sivyo. Mtoto wa kilo 10 anakula nusu kilo tu kwa siku. Ukimpa chakula cha asilimia 20, anapata gramu 100 za protini. Nguruwe wa kilo 80 anakula kilo 2.5 au zaidi. Kwa asilimia 14 tu anapata gramu 350. Mkubwa anakula protini nyingi zaidi, ila imetawanyika kwenye chakula kingi. Mdogo tumbo lake dogo, na, ukilinganisha na uzito wake, yuko kwenye umri wa kujenga nyama kwa kasi kuliko wakati wowote wa maisha yake, ndiyo maana chake lazima kiwe kizito. Ukiwapa wote sufuria moja, ama unamnyima mdogo ama unamwaga pesa kwa mkubwa.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko wako wa zamani, maana ndio ulionifanya nikae chini niandike kwa urefu. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, na mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake yana kama 25. Kilo 60 za pumba zinaleta kilo 6, kilo 40 za mashudu zinaleta kilo 10. Jumla 16. Kwa karatasi, hicho ni chakula halali kabisa cha nguruwe wanaokua. Aliyekuambia una upungufu wa protini aliona dalili sawasawa, akataja jina lisilo lenyewe. Protini ilikuwepo. Kilichokosekana ni laisini.

Protini si kitu kimoja. Ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya aina 20 hivi, yaani amino asidi. Nyingine mwili wa nguruwe unazitengeneza wenyewe; nyingine hauwezi, lazima zije na chakula. Katika hizo za lazima, inayowahi kupungua kwenye vyakula vya nafaka ni laisini. Baada yake hufuata threonini, methionini na triptofani. Wahenga wetu walisema figa moja haliinjiki chungu, nami nakuambia hata mawili hayainjiki. Laisini ikipungua, zile amino asidi nyingine zote hazina pa kushikia. Mwili unazivunja na kuzitupa hata kama zimejaa tele.

Kipimo cha protini kinachoandikwa kwenye mifuko, ile protini ghafi, hakijui habari hiyo. Maabara hupima naitrojeni iliyomo, kisha huzidisha kwa 6.25, kwa sababu protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Njia hii ilianzishwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, na mpaka leo ndiyo msingi wa kazi. Lakini mashine inahesabu naitrojeni tu, haiulizi imetoka wapi. Hata mbolea ya urea ukiitia kwenye chakula, kipimo kitapanda. Ng'ombe ana vijidudu vya tumboni vinavyoweza kuitumia urea; nguruwe hana faida nayo yoyote, inamtesa figo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kirutubisho cha protini nyingi kwa bei ya kutupa, uliza kimetengenezwa na nini kabla hujauliza kina asilimia ngapi.

Tazama sasa hesabu ya laisini. Pumba za mahindi zina kama asilimia 0.35, mashudu ya alizeti kama 0.9. Mchanganyiko wako wa zamani ulikuwa na laisini asilimia 0.57. Nguruwe wa kilo 20 hadi 50, akiwa chotara mzuri wa Large White au Landrace, anataka 0.8 hadi 0.95. Hapo ndipo palipokwama. Alikula akashiba, nguvu ya wanga ikaingia, nyama haikuweza kujengwa kwa kukosa laisini, na nguvu iliyobaki ikageuka mafuta. Tumbo limetoka, mgongo umekaa kama paa la nyumba, manyoya yamesimama. Nguruwe wa namna hiyo ukimpitisha kiganja mgongoni unausikia uti, na huku akichinjwa unakutana na mafuta mengi.

Nguruwe wa kienyeji wanavumilia zaidi, kwa kuwa uwezo wao wa kujenga nyama kwa siku ni mdogo. Huwa inaniuma kuona mtu ametoa pesa nyingi kununua mbegu bora kisha akaileta kwenye pumba na mashudu pekee. Mbegu bora kwa chakula hicho inakua kama wa kienyeji, na inaumwa haraka kuliko yeye.

Basi ulipoongeza soya na dagaa, laisini ilipanda mpaka karibu 1.45. Hilo pengo uliliziba na kupita. Kwa nini wakubwa hawakubadilika?

Kwanza, soya mbichi. Soya isiyopikwa ina kizuizi kinachofunga tripsini, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho kwa ajili ya kukata protini tumboni. Kikifungwa, protini inapita bila kusagwa. Na haikuzuia protini ya soya peke yake. Imezuia hata ya dagaa uliyoinunua kwa bei kali. Yaani ulitia kilo 20 za kitu kinachovuruga kazi ya kilo 80 zilizobaki. Kama ungebadilisha jambo moja tu katika barua hii, badilisha hili: chemsha soya dakika 30 kuanzia maji yanapotokota, ichuje, ianike mpaka ikauke kabisa, ndipo usage. Ukitafuna punje iliyoiva, ule uchungu na harufu ya majani mabichi vimeondoka. Kukaanga nako kunafaa, lakini ukiunguza mpaka ikawa kahawia iliyokolea umeiharibu laisini yenyewe, maana ndiyo inayowahi kufa kwenye moto mkali.

Pili, kile kilichozidi. Mwili wa nguruwe hauna ghala la protini. Wanga ukizidi unawekwa kama mafuta. Protini ikizidi, ini linaivunja, linaitoa naitrojeni, linaigeuza urea, na figo zinaitoa kwa mkojo. Kazi hiyo inakula nguvu ambayo ingeenda kwenye kukua, na inataka maji mengi. Nenda kaangalie ndoo zako: nina hakika siku hizi wanakunywa kuliko zamani, na sakafu haikauki. Ule mkojo wenye urea ukikutana na kinyesi, vijidudu vya kinyesi vinaigeuza amonia. Hiyo ndiyo harufu ya majirani zako.

Usiipime ukiwa umesimama mlangoni. Ingia asubuhi kabla hujafungua madirisha, chuchumaa mpaka uso wako ufike usawa wa pua ya nguruwe aliyelala, kaa hapo dakika mbili. Macho yakiwasha na koo likikereketa, jua kwamba wao wanalala humo usiku kucha. Amonia inachubua njia ya hewa, kikohozi kinaingia, na nguruwe anayekohoa hali vizuri. Nimeshaona mfugaji akitibu mapafu kwa sindano mwezi mzima, na chanzo kikiwa kwenye beseni la chakula. Ukipunguza protini kwa asilimia moja tu, tuseme kutoka 17 hadi 16, huku laisini ikibaki palepale, naitrojeni inayotoka kwa mkojo na kinyesi inapungua kwa karibu asilimia 8 hadi 10. Wewe utashuka kwa asilimia 8 au zaidi. Harufu utaisikia ikipungua ndani ya siku chache.

Ikizidi inamdhuru? Mkubwa mwenye maji ya kutosha haimwui. Nyama yake itakuwa na mafuta kidogo pungufu, ila hakui haraka zaidi, na wewe umelipa bei ya dagaa kwa ajili ya mkojo. Anayedhurika kweli ni mdogo.

Mtoto aliyetoka kwenye titi, tumbo lake limezoea maziwa. Asidi ya tumboni bado dhaifu, vimeng'enya bado vichache, na kinga aliyokuwa akiipata kwenye maziwa ya mama imekatika siku hiyo hiyo. Ukimtwisha asilimia 26, tena na soya mbichi ndani, sehemu kubwa inapita bila kusagwa na kuingia utumbo mpana. Huko bakteria wanaichachusha, wale wa E. koli wanaongezeka, ndipo kuharisha kunakoanza, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wenzetu wa Ulaya walikuwa wakizuia kuharisha huku kwa kutia oksidi ya zinki nyingi kwenye chakula. Umoja wa Ulaya ukaizuia dozi hiyo ya tiba kuanzia Juni 2022, na moja ya njia walizokimbilia ni hii hii ya kushusha protini ya watoto na kusawazisha amino asidi. Kwa hiyo ushauri huu haujaletwa na umaskini wetu.

Kwa wanaoharisha sasa hivi: wape maji safi muda wote, ondoa chakula cha sasa, na mpya wape kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Ukiona damu, homa, au wanaacha kula kabisa, usisubiri. Mwite daktari wa mifugo wa kata aje kuwaona kwa macho yake.

Nimekuandalia michanganyiko mitatu kwa vitu ulivyo navyo, pamoja na mahindi. Thamani nilizotumia ni za wastani, ila tofauti yake na hali halisi haitakuwa kubwa ukinunua mali safi.

Wadogo, mpaka kilo 20: mahindi yaliyosagwa kilo 55, pumba za mahindi 15, soya iliyopikwa 19, dagaa 8, na kilo 3 za madini, yaani chokaa ya mifugo, DCP (unga wa kalisi na fosforasi), premiksi ya nguruwe (vitamini na madini vilivyochanganywa tayari) na chumvi kidogo. Inakupa protini karibu 18 na laisini 0.96. Alizeti nimeiacha makusudi, maganda yake ni mzigo kwa tumbo dogo.

Wanaokua, kilo 20 hadi 50: mahindi 30, pumba 35, mashudu ya alizeti 15, soya iliyopikwa 12, dagaa 5, madini 3. Protini 17, laisini 0.82. Uweke mchanganyiko huu kando ya ule wako wa pumba na alizeti: kwa protini wamepishana asilimia 1 tu, 16 kwa 17. Kwa laisini ni 0.57 kwa 0.82. Hapo ndipo mgongo unapojaa.

Wa kumalizia, kilo 50 na kuendelea: mahindi 32, pumba 40, alizeti 12, soya iliyopikwa 13, madini 3. Protini 14.5, laisini 0.63. Dagaa hazimo, kwa sababu mbili. Pesa, na ladha. Nguruwe aliyekula dagaa mpaka siku ya mwisho, kitimoto yake inanuka samaki, na mteja hasahau. Hata ukibaki na dagaa stoo, ziondoe kwenye chakula chao angalau wiki 4 kabla ya kuchinja. Chumvi ya madini nayo uitie ukishajua dagaa zako zina chumvi kiasi gani. Nguruwe aliyekula chumvi nyingi akakosa maji hata siku moja anaweza kupata sumu ya chumvi, akatetemeka, akazunguka kama kipofu, akafa.

Kujua nani yuko kundi gani huhitaji mizani. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kwa urefu, kisha kwa 69.3. Mwenye mzunguko wa 0.8 na urefu wa 0.8 ana kilo 35 na ushei. Pima asubuhi kabla hajala, rudia kila wiki mbili, andika ukutani kwa chaki. Mchanganyiko mbaya utauona kwenye namba wiki nyingi kabla hujauona kwa macho.

Majike wako. Mwenye mimba mpe kilo 2 hadi 2.5 kwa siku za chakula cha kumalizia, hicho hicho cha 14.5, kinamtosha. Kosa kubwa liko kwenye kunyonyesha. Jike mwenye watoto 10 anatoa maziwa mengi kila siku. Akikosa protini hapunguzi maziwa kwanza, anavunja nyama ya mwili wake. Unamwona mapaja yamesinyaa, mifupa ya nyonga imechomoza, watoto bado wazuri, nawe unadhani mambo shwari. Hasara inakuja baadaye: badala ya kurudi kwenye joto siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha, anakaa wiki kadhaa, au akipandwa anazaa wachache. Mpe kile chakula cha wanaokua, asilimia 17: kilo 2 zake mwenyewe, ongeza karibu nusu kilo kwa kila mtoto kadiri atakavyoweza kumaliza, na maji asikose kamwe.

Kuhusu kununua. Dagaa nyingi za Ziwa Victoria huanikwa mchangani, na mchanga huo unaununua kwa kilo. Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano, tazama chini; ukiona tabaka la mchanga, hiyo si protini 55 tena. Mashudu ya alizeti yavunje kiganjani: yakijaa maganda meusi, protini iko chini ya 25 niliyotumia, na nyuzinyuzi zimezidi. Mahindi yenye ukungu usiyasage kwa kisingizio kwamba ni ya nguruwe. Sumukuvu inaharibu ini, na ini ndilo linalofanya kazi yote niliyoeleza hapo juu.

Makombo ya hoteli na baa, ambayo wengi huyaita protini ya bure, siyataki bandani kwako. Ndani yake huwa na mabaki ya kitimoto, na homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri kwa njia hiyo. Haina dawa. Inafagia banda zima kwa siku chache.

Maduka makubwa ya vyakula vya mifugo mjini huuza laisini ya unga, na inasaidia kweli. Kanuni ya zamani ya wachanganyaji inasema kilo 3 za unga huo pamoja na kilo 97 za mahindi zinashika nafasi ya kilo 100 za mashudu ya soya kwa upande wa laisini. Lakini usivuke gramu 150 kwa kila kilo 100 za chakula. Ukijaribu kuuokoa ule mchanganyiko wa pumba na alizeti kwa laisini peke yake utahitaji gramu 320, na hapo threonini itakuwa imeshakuwa figa linalokosekana. Tumia gramu 100 hadi 150 pale soya inapopanda bei, ukiondoa kilo 3 hadi 4 za soya na kuweka mahindi mahali pake.

Soya uliyokwisha kuisaga mbichi usiitupe. Ipike kama uji mzito, dakika 30, ukikoroga isigande, kisha ichanganye na chakula cha siku hiyo hiyo. Ule mchanganyiko uliobaki kwenye gunia nao una soya mbichi ndani, kwa hiyo usiwape watoto hata kidogo. Pika unaotosha siku moja, uchanganye na mahindi na pumba, robo kwa robo tatu, wape wale wa zaidi ya kilo 50 mpaka uishe. Wadogo wahamie chakula kipya leo, kwa sababu wanaharisha. Waliobaki wahamishe kwa siku 7, ukiongeza kipya kidogo kila asubuhi.